Mabuti Yasiyopiga Saluti

Saa moja na nusu asubuhi koplo wa stoo alifungua kufuli mbili za stoo ya Kamandi, akafungua dirisha, akashika daftari na kuanza kuhesabu. Mifagio arobaini. Ndoo kumi na tisa, moja ina ufa. Makopo ya rangi ya kijani, sita, moja limekauka. Alipofika rafu ya chini kabisa aliandika sentensi aliyoiandika kila siku ya kazi kwa miaka sita: “Mabuti meusi, namba tisa, jozi moja. Yapo. Hayajapiga saluti.”

Kisha akainjika birika kwenye jiko la umeme.

Chai ilipokuwa tayari alinyanyua birika amimine, na papo hapo gari likaingia getini. Birika likamponyoka mkononi, likasimama wima juu ya meza, mdomo wake ukajikunja hadi ukagusa kifuniko. Haikutoka hata tone. Nyuma yake mifagio arobaini ilikwisha kujipanga mistari minne, na ndoo zilikuwa zimebana mishikio yao ubavuni. Ile yenye ufa ilitetemeka kidogo, lakini ilijitahidi.

“Mguu pande,” ilisikika sauti ya Meja Jenerali kutoka ndani ya gari, sauti ya mtu aliyechoka kuitikia shikamoo za mtaa mzima.

Birika likalegea. Koplo akamimina chai, akaongeza sukari, akanywa. Mifagio ilirudi ukutani mmoja mmoja, ikisukumana.

Mabuti yalikuwa yameelekeza ncha zake ukutani, na visigino mlangoni.

Hakuna aliyeshangaa. Jeshini mtu hupanda cheo, na kila cheo kina heshima zake. Meja Jenerali, ambaye askari walimwita Wima akiwa mbali na Afande akiwa karibu, alipanda kwa hatua zinazojulikana. Alipokuwa luteni alipigiwa saluti na watu tu, tena si wote. Siku alipovishwa ukapteni, mbwa wa mesi ya maofisa aliacha mfupa, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka mguu wa mbele kwenye kipaji. Alipokuwa meja, milango ilianza. Mke wake alikuwa akilalamika kwamba kabati la nguo halifunguki mume akiwa chumbani, kwa sababu limebana vitasa. Umeja ulipokwisha zikaja samani: viti vinne vya kulia chakula viliinua kila kimoja mguu mmoja, na mgeni aliyekuwa amekikalia kimojawapo akamwagikiwa na supu, akaomba radhi yeye. Ukanali ulileta miti na nguzo za taa. Ubrigedia ulileta maji: bomba likifunguliwa mbele yake, maji yalisimama kama fimbo ya kioo, inchi tatu juu ya sinki, mpaka aseme neno. Alinawa uso kwa amri. Na alipokuwa Meja Jenerali, upepo nao uliingia kikosini. Bendera zote za Kamandi zilipepea kuelekea kwake, hata zile ambazo upepo mwenyewe ulitaka ziende kwingine.

Katika jeshi lile cheo kilichobaki kilikuwa kimoja. Alikitaka kama mtu anavyotaka maji, akisahau kwamba maji yenyewe yalikwisha kumsimamia.

Nyota zote za mabegani mwake zilipita chini ya sindano ya mama mmoja, mama yake koplo. Alikuwa fundi cherehani wa kambi tangu ujana wake. Kila afande alipopanda, nguo zilikuja kwake na nyota zake ndani ya bahasha. Mama alishona bila kupinda, mishono kumi na miwili kwa kila nyota, akakata uzi kwa meno. Na kila mara Wima alipokuja kuchukua zake, mama alimwuliza jambo lile lile.

“Afande, ule mstari?”

“Nitauangalia, mama.”

Aliuangalia kwa miaka ishirini na saba.

Mstari wenyewe ulikuwa kwenye ripoti, na ripoti ilikuwa ya vita. Wakati ule Meja Jenerali alikuwa luteni wa miaka ishirini na minne, na sajini wake alikuwa mume wa fundi cherehani. Luteni alipewa namba za ramani na amri fupi: peleka platuni yako kwenye daraja, ilinde mpaka asubuhi, adui asivuke. Sasa, namba za ramani zina adabu yake. Unaanza kusoma zile za kwenda pembeni, ndipo usome zile za kupanda juu. Sajini alikuwa akiwafundisha makuruta kwa maneno yake mwenyewe: “Fika kwanza kwenye shina, ndipo upande mti.” Luteni, ambaye alikuwa amelipata hilo darasani kwa alama tisini na tano, siku hiyo alianza na za juu.

“Afande,” sajini alimwambia njia panda, “tumepanda kabla ya kufika. Daraja liko kule.”

“Sajini, nani ana nyota hapa?”

“Wewe, afande.”

“Basi.”

Platuni ikaenda kushoto, nyuma ya nyota. Sajini akaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, akapewa, akaenda kulia. Alifika darajani peke yake na bunduki moja, akalilinda mpaka asubuhi. Adui hakuvuka. Sajini hakurudi.

Huko kushoto platuni ilipanda kilima ambacho hakikuhusika kabisa na vita. Juu yake ikakuta jiko la adui, masufuria yanachemka, na kanali wao mmoja ameketi, kijiko mkononi. Walimkamata na kijiko chake. Ilikuwa bahati ya mtende kuota jangwani. Magazeti yalichapisha picha ya kanali, ya kijiko na ya luteni, kwa mpangilio huo. Makao makuu yakaomba ripoti. Luteni akaandika kwamba alikwenda kilimani kwa makusudi baada ya kuyapima mambo, na kuhusu mtu wake mmoja asiyerudi akaandika maneno matatu: “Sajini alipotea njia.”

Mwisho wa vita likasimamishwa jiwe jeusi pale pale mwanzo wa daraja, na majina ya waliokufa walikotumwa yakachongwa. Waliopotea njia hawachongwi. Ndiyo kanuni.

Wiki tatu baada ya ripoti kutumwa, mabuti ya sajini yalirudi kambini yenyewe. Yalikuja kwa mwendo wa kawaida, kushoto kulia, yamejaa tope hadi kwenye vitundu vya kamba, yakapita getini na kusimama mbele ya ofisi ya kombania. Karani wa zamu aliyatazama, akatazama orodha ya mahudhurio, akaandika pembeni ya jina la sajini: “Amerudi, kwa sehemu.” Kwa kuwa alirudi kwa sehemu, jikoni waliendelea kumtolea kikombe cha chai kila asubuhi, na mkewe alikwenda kukichukua. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Binti aliyekuwa tumboni akanywa chai ya babaye kabla hajazaliwa, akakua, akaingia jeshini, akapewa stoo, na ndani ya stoo akakabidhiwa mabuti kwa maandishi.

Hayo yote askari waliyajua. Walikuwa wakiyaimba wanapokimbia alfajiri, mmoja anaanza na wengine wanapokea, miguu ikitwanga lami:

Kapanda mti hewani, shina hajalifikia,
Nyota zake mabegani, za mwenziwe kachukua.

Wima alisikia wimbo huo kila asubuhi dirishani kwake. Aliupenda. Alidhani unamsema afande mwingine.

Sasa ilibaki wiki moja Kamati ya Vyeo ikae. Kanuni yao ya arobaini na moja ilisema kwamba jenerali kamili ni yule ambaye kila kilicho chini ya amri yake kinamheshimu. Haikusema karibu kila kitu. Ilisema kila kitu. Na kwenye daftari la stoo, siku baada ya siku, kwa mwandiko mzuri wa koplo, kulikuwa na jozi moja.

Wima hakuwa mtu wa kukata tamaa. Siku ya kwanza alishuka stoo mwenyewe na kopo la rangi ya viatu, akayapiga mabuti mng'aro mpaka ukaona ndani yake meno yako na ya jirani yako. Mabuti yalingoja amalize, yakageuka.

Siku ya pili aliyapandisha cheo. Yakawa sajini meja. Barua ilisomwa, tarumbeta ikapigwa, na nembo ya cheo ikabanwa kwenye ulimi wa buti la kulia. Buti la kushoto likainua kisigino, likaikanyaga ikatoka.

Siku ya tatu na ya nne yalishtakiwa mahakama ya kijeshi kwa utovu wa nidhamu. Wakili wao, luteni mdogo mwenye koti linalombana kwapani, alisimama akasema wateja wake hawana la kuongeza. Yalihukumiwa siku kumi na nne rumande. Asubuhi yake yalikutwa kwenye rafu yake stoo, na mlinzi wa rumande alipoulizwa alijibu bila wasiwasi.

“Afande, yaligonga mlango. Nikaona yana adabu, hayakuruka dirisha. Nikayafungulia.”

“Nani alikuamuru?”

“Sajini meja, afande. Si uliyapandisha mwenyewe juzijuzi? Mimi ni praiveti.”

Kambi nzima ilicheka siku hiyo mpaka mpishi wa mesi akaunguza mchuzi. Hata mchuzi, ulipoungua, uliungua umesimama, kwa sababu Wima alikuwa akipita.

Siku ya tano alikuja stoo peke yake. Dereva alibaki garini. Ilikuwa saa nne, jua limeingia dirishani mpaka kwenye meza. Mifagio ikasimama, ndoo zikabana. Alisema “mguu pande” bila kuzitazama, akaketi juu ya sanduku la misumari, akavua kofia. Mkononi alikuwa na jalada la zamani lenye rangi ya majani makavu.

“Koplo.”

“Afande.”

“Yanataka nini haya?”

“Mabuti hayajawahi kuniambia kitu, afande. Mimi ndiye ninayejua ninachotaka.”

“Sema.”

“Mstari mmoja kwenye ripoti. Na mstari mmoja kwenye jiwe.” Kisha akaongeza, kwa kuwa alikuwa amelingoja swali hilo tangu tumboni, “Mama ana mtoto wa jicho, afande, macho yote mawili. Nyota zako za mwisho alizishona kwa kupapasa. Anasema hahitaji kulisoma jina la mumewe. Anataka alipapase tu. Chini ya jina la mwisho pamebaki nafasi ya mstari mmoja, amepima kwa vidole. Vidole vitatu.”

Wima alikuwa amezoea watu wamwombe vitu vikubwa, nyumba, uhamisho, mtoto aingizwe chuo cha maofisa. Vidole vitatu vya jiwe hakuwahi kuombwa.

“Mama yako anashona vizuri,” alisema mwishowe.

“Mishono kumi na miwili kila nyota, afande.”

Akafungua jalada. Akatoa kalamu mfukoni. Kalamu ilikuwa imekakamaa wima, ikabidi aiamuru nayo mguu pande ndipo wino ushuke. Halafu, juu ya goti lake, akaandika. Koplo alisoma akiwa amesimama, kichwa chini, kama wasomavyo watu wa stoo waliozoea kusoma hati kutoka upande wa pili wa meza: “Nilisoma ramani vibaya. Sajini aliniambia. Mimi ndiye niliyepotea njia. Yeye alifika.”

Nukta ilipogusa karatasi, rafu ya chini ikasema: Ta!

Mabuti yalikuwa yamegeuka. Visigino viwili vimegongana, ncha mbili zimefunguka kwa pembe ya kitabuni, na ngozi ya buti la kulia imeinuka kidogo mahali ambapo, kama mguu ungekuwemo, na juu ya mguu mtu, mkono ungekuwa kwenye kipaji.

Wima akacheka. Kilikuwa kicheko cha luteni wa miaka ishirini na minne, chepesi, cha kupanda na kushuka, na koplo naye akajikuta anacheka, machozi yamemjaa. Afande aliruka kutoka kwenye sanduku, akapiga saluti kwa mabuti, akazunguka meza, akapiga tena. “Umeona? Umeona, koplo? Yamepiga!” Akamshika koplo mabega akamtikisa. Kwa muda wa dakika moja, labda na nusu, walikuwa watu wawili wenye furaha ndani ya stoo, na hakuna daftari lililokuwa na safu ya kuandikia jambo la namna hiyo.

Kisha mfagio mmoja ukaanguka.

Ukafuata mwingine. Ikaanguka yote arobaini, hovyo, kama abiria waliolala. Ndoo yenye ufa iliviringika ikampitia Wima mguuni bila kuomba njia, kama raia anavyompitia raia mwenzake sokoni. Birika likatoa mvuke kwa uvivu, likampa mgongo. Alikwenda dirishani. Nje, miti ya barabara ya Kamandi ilikuwa imeketi, na nguzo mbili za taa zilikuwa zimeinamiana zikipiga soga. Bendera zilijifunga zenyewe kwenye milingoti. Mlango wa gari lake, dereva alipomwona dirishani akajaribu kumfungulia, ulifunguka upande mwingine.

Walinzi wa getini tu ndio waliokuwa bado wamekaza. Watu huchelewa kupata habari.

Wima alirudi akaketi. Alitazama mabuti yakiwa kwenye saluti safi kuliko zote alizopata kupigiwa. Akatazama mifagio iliyolala.

“Mawili,” alisema polepole.

“Ndiyo, afande. Mawili.”

“Na hii ni arobaini.”

“Mifagio ni mifagio, afande.”

“Na miti. Na maji. Na upepo, koplo! Unajua ilinichukua miaka mingapi kuupata upepo?”

Chuo cha maofisa hufundisha kwamba ofisa aliyekaribia kutekwa asiache karatasi ya siri imfikie adui, aile. Ni somo la siku moja, katikati ya somo la dira na somo la kufunga majeraha. Wima alichana ukurasa kutoka kwenye jalada, akaukunja mara nne, akautia mdomoni, akatafuna kwa utulivu, akameza.

Mifagio ikaruka wima.

Nyuma geuka, kwa hatua tatu safi, mabuti yakaelekea ukutani.

“Umeona nini, koplo?” aliuliza, akivaa kofia.

Koplo alikuwa na moto kifuani kiasi kwamba aliogopa kufungua mdomo usije ukatoka. Lakini alikuwa binti wa fundi. Alijua kushona neno bila kulipinda.

“Nimeona Meja Jenerali amekula karatasi, afande. Nikuletee chai ya kushushia?”

“Lete.”

Akainua birika. Lilikuwa limekaza, mdomo kwenye kifuniko. Halikutoa hata tone, na yeye hakuliomba. Wakabaki hivyo, afande na kikombe kitupu, koplo na birika, hadi afande akakumbuka kwamba ana mkutano.

Kamati ya Vyeo ilikaa siku ya saba kwenye ukumbi wenye meza ndefu: wazee watatu waliokwisha kustaafu, na karani mwenye miwani na mihuri minne. Ukumbi ulikuwa umekaza kila pembe. Mapazia, mtungi wa maji, hata vumbi ndani ya mwale wa jua lilisimama safu kwa safu. Koplo aliitwa alete daftari na kielelezo. Aliyaweka mabuti mezani. Mabuti yakageukia dirishani.

“Kuna suala la jozi moja,” karani alisema.

“Iko wapi?” aliuliza mzee wa katikati, ambaye usingizi ulikuwa umemshika shati.

“Mezani, mzee.”

“Inatazama wapi?”

“Dirishani, mzee. Huko nje ni mtoni. Pana daraja la zamani.”

“Mwenye mabuti ripoti inasemaje?”

Karani akafungua jalada. Ripoti ya awali ilikuwepo, maneno yake matatu hayajaguswa. “Alipotea njia.”

“Basi mtoto wa nyoka ni nyoka,” alisema mzee. “Andika na mabuti hivyo hivyo.”

Karani akaandika: “Mabuti, jozi moja: yamepotea njia.” Akatafuta mahali pakavu pa kugongea muhuri, akasogeza buti la kushoto kwa kiwiko, akagonga.

“Mzee,” koplo alisema, “mabuti yapo. Karani ameyaegemea.”

Mzee wa katikati alimtazama kwa wema kabisa, kama babu. “Mjukuu wangu, jeshini kitu hakiwi mahali kilipo. Kinakuwa mahali kilipoandikwa. Utazoea.”

Wima aliweka sahihi chini ya muhuri. Kalamu ilikuwa ile ile.

Siku ya kuvishwa cheo hakuna aliyewahi kuona heshima kama hiyo, na wote waliiona kuwa ya kawaida. Mawingu yalijipanga matatu matatu. Mto ulisimama dakika nne, na samaki wakabaki ndani yake wakitazama mbele. Saa zote za mji zilisimamisha mshale mkubwa kwenye kumi na mbili. Nyota mpya zilikuwa zimeshonwa na mama, kwa kupapasa, mishono kumi na miwili, na Wima alipokuja kuzichukua mwenyewe alikuwa ameulizwa kama kawaida, “Afande, ule mstari?” na alikuwa amejibu kama kawaida. Tarumbeta zilijipiga zenyewe. Mkono wa kulia wa Jenerali, ambao nao ulikuwa chini ya amri yake, ulipanda kwenye kipaji chake kumpigia saluti yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo amekuwa akila kwa kijiko kilichofungwa kwenye mkono wa kushoto.

Shida ilianza wakati wa kurudi nyumbani.

Msafara ulipolikaribia daraja jipya la barabara kuu, daraja lilimwona Jenerali, likang'oka upande wa mbali, likasimama wima, mita mia mbili na ishirini kwenda juu. Lori la matikiti lililokuwa katikati liliteremka nyumanyuma, na matikiti yakashuka barabarani yakiviringika kwa hatua, kushoto kulia. Jenerali akatoa amri ya kawaida. “Mguu pande!” Daraja likatii. Lakini daraja likiambiwa mguu pande hupanua miguu, na lile likapasuka katikati, nusu ikabaki ng'ambo hii na nusu ng'ambo ile, hadi leo. La reli lilifanya vivyo hivyo kesho yake. Wahandisi wakaandika barua fupi ya kumwomba Jenerali, kwa heshima zote, asiamuru tena kitu chochote kinachopita juu ya maji.

Likabaki daraja la zamani, lile la sajini. Hilo halikusimama. Asubuhi ile ile muhuri ulipogongwa, mabuti yalirudishwa stoo, yakashuka kwenye rafu, kwa kuwa kilichopotea hakina rafu, yakatoka getini, yakateremka barabara mpaka darajani, yakasimama katikati upande wa waendao kwa miguu, visigino vimeelekea mjini. Na daraja lililo na mlinzi lindoni halimpigii mtu saluti. Hiyo pia ni kanuni, ya zamani kuliko ya arobaini na moja.

Jenerali anaishi ng'ambo moja na ofisi yake iko ng'ambo ya pili. Anavuka hapo mara mbili kwa siku. Akifika katikati, hufungua gazeti. Dereva hupunguza mwendo, na husema kila mara, kwa sauti ya chini kama mtu anayepita mbele ya watu wazima, “Hodi.”

Koplo bado ana stoo. Asubuhi huhesabu mifagio na ndoo, na kwenye mstari wa mwisho huandika: “Mabuti meusi, namba tisa, jozi moja. Kwa mujibu wa kumbukumbu, yamepotea. Yako darajani.” Wakaguzi wameshamwonya mara mbili kwa ile sentensi ya mwisho. Ameambiwa akirudia atapoteza tepe zake mbili. Amerudia. Sasa ni praiveti, na mwandiko wake ni mzuri vile vile.

Jumapili humshika mama mkono na kumpeleka mtoni. Kwanza humpeleka katikati ya daraja, ambako mama huinama na kukaza kamba za mabuti, kwa sababu mtu akisimama siku nyingi kamba hulegea. Kisha humpeleka kwenye jiwe.

Jumapili iliyopita mama alikuwa ameweka viganja juu ya jiwe, akiyapitia majina moja moja kwenda chini, kama anavyokagua mshono, pale gari la Jenerali lilipotokea upande wa mji. Chini ya vidole vyake herufi zikajinyoosha. Majina yote yakakaa wima, mstari kwa mstari, mpaka lile la mwisho. Mama akateremsha mkono vidole vitatu zaidi, akautuliza hapo, akangoja.

“Kapita?” aliuliza.

“Kapita, mama.”

“Hapa hapajatikisika.” Akapapasa tena, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. “Bado laini.”